Ile "Protini Kidogo" ya Mama Mkwe

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wa rika langu, poleni na jua. Mwenyekiti kanipa dakika kumi, na mimi nikianza kuongea hata saa nzima hainitoshi, kwa hiyo mtanivumilia. Nimeombwa nieleze kikundi chetu hiki, sisi wenye presha na sisi tunaowauguza, jinsi mama mkwe wangu alivyopona. Lakini siwezi kusimulia kupona kwake bila kusema kwanza nilivyomkosea. Amekaa pale mbele, na ruhusa kanipa mwenyewe.

Nyumbani tunamwita Mayu, yaani mama. Alitoka kijijini Misungwi kuja kukaa nasi hapa Pasiansi kwa sababu kichwa kilikuwa kinamgonga kila siku. Mume wangu akaniambia, "Wewe ndiye msomi, mpeleke kliniki." Ndugu zangu, mimi nina kidato cha nne, tena cheti chenyewe ni cha kukunja usionyeshe watu, lakini mle ndani barua nasoma mimi, dawa nasoma mimi. Na Mayu Kiswahili chake ni cha kuombea maji, kwa hiyo hata kliniki ananitegemea mimi nimtafsirie.

Muuguzi alimpima presha, akachovya kijiti kwenye mkojo, akakitazama. Simu yangu wakati huo haitulii. Nina genge la nyanya, na mzigo wangu ulikuwa umeshavuka ziwa kwa kivuko kutoka Kamanga, uko juani, mwenye mkokoteni ananipigia kila dakika. Muuguzi akasema, "Presha iko juu, nawapa dawa. Na mkojo una protini kidogo. Msidharau, wiki ijayo mrudi tupime tena, na damu."

Nikajibu, "Sawa sista, nimeelewa."

Nimeelewa nini, jamani? Nilichosikia mimi ni kwamba Mayu kapungukiwa protini. Shuleni tulikaririshwa kwamba protini hujenga mwili: nyama, samaki, mayai, maharage. Sasa ikiwa kidogo, si unaongeza? Nikamgeukia Mayu nikamwambia kwa Kisukuma, "Wamesema huli vizuri, mwili hauna nguvu. Niachie mimi." Hiyo wiki ijayo sikumrudisha. Nilijiambia, nirudi kufanya nini wakati tatizo nimeshalijua?

Nikaingia jikoni. Asubuhi supu ya makongoro ya ng'ombe na mayai mawili, jioni kayabo, yule sangara wa kukaushwa kwa chumvi, maana sangara mbichi sisi tunamwona anapita tu kwenda kiwandani. Mayu akibakiza kipande namwambia, "Maliza Mayu, hiyo ni dawa." Anamaliza, halafu anakunywa maji kikombe juu ya kikombe. Zile dawa za presha zilipoisha sikufuata nyingine. Niliona chakula kinatosha.

Baada ya miezi michache akaanza kujaa. Uso umejaa, miguu imejaa, kandambili haziingii. Majirani wakasema, "Mama mkwe kanawiri! Hongera, unajua kutunza." Na mimi hongera nikazipokea, nawaambia ukweli, tena kwa maringo. Mayu akilalamika kwamba akitembea mpaka bombani pumzi inakata, namwambia ni unene, atazoea.

Asubuhi moja nikamkuta amekaa kitandani, ameshika godoro kwa mikono miwili, anavuta hewa na hewa haiji. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akatuambia moyo umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo maana maji yamejaa miguuni mpaka kwenye mapafu. Kisha akauliza, "Hakuwahi kupimwa mkojo? Mishipa midogo ya damu ikianza kuharibika, figo huvujisha protini kwenye mkojo. Hata ikiwa kidogo tu, inatuonya mapema kwamba moyo nao uko hatarini. Tungeanza naye tangu hapo."

Huvujisha! Kumbe protini haikuwa imepungua, ilikuwa imepita mahali isipotakiwa kupita. Mume wangu akanitazama, akisubiri nijibu.

Nikasema, "Hapana daktari. Hajawahi kupimwa."

Nje ya wodi mume wangu akalia. Tangu anioe sikuwahi kumwona akilia. "Ni mimi," akasema, "nimechelewa kumtoa kijijini. Mama yangu namuua mwenyewe." Na mimi, ndugu zangu, nikampapasa mgongo nikamwambia asijilaumu. Mtu mzima, nimesimama pale namfariji kwa kosa langu. Nikisema ninaona aibu, neno hilo ni dogo kuliko aibu niliyo nayo.

Muuguzi wa wodi akaniambia chumvi asiionje kabisa. Hilo nalo sikumfikishia mume wangu, kwa sababu najua angeuliza, "Na ile kayabo je?"

Siku ya tatu, saa ya kuona wagonjwa, mume wangu akaja na hotipoti. Amepika mwenyewe, kama nilivyomfundisha. Akafunua, kayabo na ugali. "Mama, kula upate nguvu." Mayu, ambaye hata kuongea kulikuwa kunamchosha, akamega tonge, akachovya, akalipeleka mdomoni.

Nililipokonya. Mkwe wangu! Mtu ambaye hata maji nampa kwa kupiga goti, nimemnyang'anya chakula mbele ya wodi nzima. Mume wangu akafoka, "Una wazimu wewe?" Nikaanguka pale sakafuni, nikamwomba Mayu radhi, nikasema yote. Mkojo ulipimwa. Tuliambiwa turudi, sikumrudisha. Dawa ziliisha, nikanyamaza. Daktari nilimdanganya. Mume wangu akatoka, na kwa wiki mbili hakuongea nami zaidi ya salamu. Simlaumu.

Mayu alihema kwanza, kisha akaniambia, "Hicho kisamaki sikukipenda hata siku moja. Kilikuwa kinanichoma mdomo. Nilikula kwa sababu ulisema ni dawa."

Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana.

Siku ileile nikamfuata daktari nikamweleza, naye akarekebisha matibabu. Leo Mayu amekuja hapa kwa miguu yake, amepumzika njiani mara mbili. Moyo wake hautarudi ulivyokuwa, tumeshaambiwa waziwazi. Dawa ni za maisha.

Namshukuru daktari na muuguzi wa wodi. Namshukuru yule muuguzi wa kliniki, niliyemrudia kumwomba radhi kwa kumwitikia nimeelewa wakati sikuelewa. Akaniambia siku hizi anasema "protini inavuja", na mtu hatoki mpaka arudie alichosikia. Nawashukuru ninyi kina mama mliopokezana kulala naye hospitali na kunifundisha kupikia ndimu na kitunguu saumu badala ya chumvi. Namshukuru mume wangu, aliyenivumilia.

Ndugu zangu, kuuliza si ujinga. Ukiambiwa neno hospitali, lirudie kwa maneno yako mbele ya aliyekuambia. Mwenye presha au sukari aombe kupimwa mkojo hata kama hajisikii vibaya, na protini ikionekana, hata chembe, arudi siku aliyoambiwa. Nyanya zikioza, zioze.

Nimalizie na wewe, Mayu. Kule wodini nilikuomba radhi kwa kuwa nilibanwa, tonge lilikuwa linakwenda mdomoni. Leo hakuna aliyenibana. Nilikulisha ugonjwa nikakuambia ni dawa, na wewe ukala kwa kuniamini. Nakuomba mbele ya watu hawa wote, nisamehe.