Kosa la Jana, Kwenye Jiwe la Kwanza

Ndugu wa familia, majirani, walimu, waongozaji wa mlimani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, historia hii ya kaka yetu, mliyemzoea kwa jina la Bwana Kumbe, inasomwa na mdogo wake wa mwisho, ambaye ndani ya karatasi hii ataitwa mdogo wake tu, kama wanavyotajwa wengine wote. Marehemu aliacha agizo moja kuhusu siku ya leo, akampa muuguzi aliandike kwa kuwa mkono wake ulikuwa umechoka, kwamba historia yake aisome mdogo wake na si mtu mwingine, na kwamba aianze jinsi wanavyoanza kwenye jiwe la kwanza. Waongozaji mliopo mnaelewa maana yake, wengine mtaelezwa, na mdogo wake anaomba radhi mapema kwamba ameshindwa kuianza hivyo, anaanza na kuzaliwa kama karatasi zote, maana ulimi wake bado mzito.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya useremala ya baba yetu, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Aliingia shule ya msingi Januari 1965, akamaliza mwaka 1971, akasoma sekondari hadi Novemba 1975, na muda wote huo mifuko ya sare yake ilitoboka kwa kujazwa mawe, mpaka mama alipochoka kushona akamwekea mifuko ya turubai. Baba alifariki tarehe 2 Februari 1976, mdogo wake akiwa na miaka minane, na tangu siku hiyo kaka ndiye aliyekuwa baba, ndiye aliyemtafutia madaftari, ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na alimchapa mara moja tu maishani, kwa kumrushia pimbi jiwe.

Tarehe 3 Mei 1976 aliajiriwa katika ofisi ya mlima kama mbeba mizigo, na Septemba 1979 akapewa beji ya mwongozaji wa safari za mafunzo, zile za kupandisha wanafunzi na wageni ili waijue miamba, mimea na wanyama kwa macho yao, si kwa picha za kitabuni. Jina la Bwana Kumbe alipewa na wanafunzi, kwa sababu hata kwenye njia aliyoipita mara elfu alikuwa akiinama ghafla, anainua jani au anageuza kokoto, na kusema kumbe, kama mtu aliyeokota ufunguo wake uliopotea, na watoto arobaini wote wanasukumana kuona kuna nini. Mwezi Juni 1983 aliwafundisha wanafunzi thelathini na wawili, kwa dakika ishirini na kwa mikono yote miwili, kwamba bamba la kijivu lililo karibu na chemchemi ni uji wa volkano uliopoa zamani za kale, mpaka binti mmoja mdogo alipouliza kama zamani hizo watu walivaa buti, kwa kuwa aliona alama ya soli ndani yake. Lilikuwa zege lililomwagwa na mafundi wa tangi la maji, naye kwa kuona haya akamjibu yule binti kwamba mvua huchonga maumbo ya kila aina.

Usiku huo hakupata usingizi, na asubuhi, kabla ya kupandisha kundi jingine, aliwasimamisha wanafunzi kwenye jabali kubwa lililo ndani kidogo ya geti, akawaambia jana alidanganya na akaeleza alivyodanganya, kisha jioni akaenda hadi shuleni kwa yule binti akamwomba radhi mbele ya darasa. Wenzake walimcheka mpaka wakakaa chini, lakini ndani ya mwaka mmoja waongozaji wote walikuwa wanafanya hivyo, kwamba hakuna kundi linalopanda kabla mwongozaji hajasimama kwenye jiwe la kwanza akasema kosa lake la jana, kwa kinywa chake, akiwatazama watu usoni. Kaka alisema mgeni anakufuata kwenye majabali kwa kuwa amekuamini, basi ajue mapema unakosea wapi.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1980 na mhudumu wa maktaba ya mji, aliyekubali kuolewa kwa sharti kwamba mawe yabaki nje ya mlango, sharti ambalo halikudumu hata wiki, na shemeji yetu ni shahidi. Walijaliwa watoto watatu, binti wa kwanza mwaka 1982, wa kiume mwaka 1985 na kitinda mimba mwaka 1991, na kati yao binti wa kwanza ndiye aliyechukua jicho la baba, alipofika miaka kumi alikuwa anatambua ndege kumi na saba kwa sauti tu, na kila mtu alijua kwamba siku moja beji ile itahamia kifuani kwake. Hilo la beji mlishike, litarudi.

Mdogo wake aliajiriwa chini ya mkono wa kaka Januari 1991, akafundishwa yote. Juu ya korongo la pili, kwenye ufa wa mwamba, kulikuwa na mashina kumi na tisa ya ua dogo lenye rangi ya maziwa, ambalo kaka alilitafuta mlima mzima asilione kwingine, na mkuu wa ofisi akamwandikisha yeye peke yake kuwa mtunzaji wa mahali hapo, kwa sharti kwamba hapaonyeshwi mgeni, hata akilia. Mwaka 1994 kaka alimpeleka mdogo wake akamwonyesha, akisema yeye anaweza kuteleza siku yoyote, na ua lisibaki bila mwenyewe. Hivyo waliopajua walikuwa wawili, na kwenye kitabu cha ofisi alikuwa mmoja.

Jumapili tarehe 9 Agosti 1998 kaka alilala na homa, mdogo wake akaongoza peke yake kundi la wageni sita, akiwamo bwana mmoja mwenye kofia ya kitani na kamera nzuri, aliyemvika kilemba cha ukoka tangu getini, kwamba ameongozwa na wengi lakini hajakutana na elimu kama hii, na kwamba huyo kaka anayesifiwa bila shaka anabebwa na mdogo wake. Kichwa kilimvimba. Alipoulizwa kama kuna kitu ambacho wageni wengine hawajawahi kukiona, hakusita, aliwavusha korongo la pili, akawafikisha kwenye ufa, akasimama kando akipigwa picha, meno nje, ameegemea mkongojo wake wenye ncha mbili za chuma aliojitengenezea mwenyewe. Jioni alimpelekea kaka supu, akamwambia safari ilikuwa salama, na kesho yake kwenye jiwe la kwanza akawaambia wanafunzi kwamba kosa lake la jana ni kumwita tai jike dume.

Jumanne tarehe 18 Agosti kaka, akiwa amepona, alimpandisha mkuu wa ofisi pamoja na mtaalamu wa mimea ili wapaangalie na kupawekea ulinzi, na kwenye ufa walikuta matundu kumi na tisa, yamechimbwa kwa koleo dogo, udongo wake umeshakauka. Mkuu wa ofisi aliuliza nani mwingine alipajua. Kaka alitazama chini, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusoma nyayo, na pale chini ya mwamba ambapo mvua haifiki palikuwa na vishimo viwili viwili vya ncha za chuma, na mlima mzima ulikuwa na mkongojo mmoja tu wa kuacha alama hiyo. Mdogo wake alikuwa nyuma yao amebeba kamba, aliiona alama, akamwona kaka akiiona, akamwona akiburuza kiatu juu yake taratibu mpaka ikafutika, kisha akainua uso na kusema kwamba mahali hapa palikuwa mikononi mwake, basi lawama ni yake. Mdogo wake akabaki anaikagua ile kamba kana kwamba ilikuwa na maandishi.

Kibarua cha kaka kikaota nyasi. Beji ilivuliwa tarehe 1 Septemba 1998 mbele ya waongozaji wote, na kwa karibu miaka sita kaka alitunza stoo ya shule ya sekondari, akigawa chaki na mifagio, huku mdogo wake akipewa makundi yake, njia zake, hata msumari wake wa kutundikia koti ofisini. Mtaani walisema ameuza maua, dukani watu walinyamaza alipoingia, shemeji aliacha kazi ya maktaba kwa kuchoshwa na minong'ono, na Februari 2000 binti wa kwanza alipoomba kuingia darasa la waongozaji vijana, fomu yake ilirudishwa na mstari mwekundu chini ya jina la baba yake, akaenda kujifunza ushonaji, na hajapanda mlima tena hadi leo. Cherehani alinunuliwa na baba yake mdogo, na wengi wenu mlimsifu baba mdogo huyo kwa moyo wake mzuri, naye akazipokea sifa.

Siku za Jumamosi, stoo ikiwa imefungwa, kaka alikuwa anakuja getini na chupa yake ya chai, anakaa kwenye benchi la mlinzi, hatua chache kutoka jiwe la kwanza, akisema amekuja kunyoosha miguu. Hapo alimsikiliza mdogo wake akiwaambia wanafunzi makosa yake ya jana, kwamba alisema mayai ni manne kumbe mawili, kwamba alichanganya mwanzi na tete, na kundi likianza kupanda, kaka anafunga kifuniko cha chupa na kurudi nyumbani. Alifanya hivyo miaka yote hiyo, hakuuliza neno. Heri angemtukana.

Mkuu mpya wa ofisi alimrudishia beji tarehe 5 Julai 2004, akaongoza tena mpaka alipostaafu Machi 2017, lakini waliomjua zamani walisema ile kumbe yake imepungua sauti. Kifua kilianza kumsumbua Oktoba 2022, akalazwa mara tatu, mara ya mwisho tarehe 27 Mei 2024, na mdogo wake alikaa kando ya kitanda siku zote hizo, kila asubuhi akipiga moyo konde na kila jioni akiishia kumnyooshea shuka. Siku moja kaka alimuuliza kama bado anao ule mkongojo, mdogo wake akajibu kwamba aliuchoma zamani, kaka akacheka mpaka akakohoa, kisha akaomba muuguzi aitwe, aje na kalamu. Alifariki Jumatano tarehe 5 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, majirani mliopika na kupanga viti tangu Jumatano, walimu wa shule iliyompa stoo wakati wengi walipompa mgongo, na waongozaji mliombeba leo kwa zamu. Mkuu wa ofisi naye anashukuriwa kwa kuipokea asubuhi hii barua ya mdogo wake, pamoja na beji yake, na kwa kukubali kwamba barua hiyo ibandikwe getini.

Karatasi inaishia hapa, na waongozaji mmeshaona kilichobaki, kwa sababu kosa la jana halisomwi, husemwa kwa kuwatazama watu usoni, na mimi tangu nianze sijainua macho.

Basi naiweka chini. Shemeji, binti yangu, nitazameni. Kaka hakuuza ua hata moja wala hakumwonyesha mtu, ni mimi niliyewapeleka wageni, ni mimi niliyenyamaza miaka ishirini na mitano, nikala kazi yake na kuvaa heshima yake, na kwako wewe, binti yangu, niliufunga mlima nikakupa cherehani. Nilikosea, na naona aibu, na siombi mnifiche.

Kaka, nimesema. Funga chupa yako ya chai, nenda nyumbani, pumzika kwa amani.