Kwaheri Babu Subiri, Mpangaji wa Safari za Meli

Baada ya kuitumikia meli yetu ya utafiti kwa miaka ishirini na mmoja, Babu Subiri anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Kwa wasiomjua, Babu ni programu ya kompyuta. Kazi yake ilikuwa kupanga safari za wanasayansi: meli ipite wapi, isimame wapi kuchota maji na matope, nani alale kitanda gani. Jina alipewa kwa sababu "subiri" ndilo neno pekee aliloliandika bila kukosea. Ofisi ya safari imechoka hata kumsema, ndiyo maana Mama yangu, mkuu wa ofisi hiyo, ameniomba mimi niandike.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Babu alienda pole na bado akajikwaa. Aliwahi kuipangia meli kituo cha kuchota maji katikati ya uwanja wa ndege. Nahodha akauliza, kwa adabu, kama atapewa na magurudumu.

Lakini sifa yake kubwa ni Profesa Bomba. Babu alimruhusu kila msafiri mzigo wa uzito uleule. Bomba la chuma la kuchimbia matope lilimaliza uzito wote wa mtu mmoja, mtafiti wake akabaki hana pa kuweka hata viatu. Basi mtafiti huyo, mjanja na mvivu wa kubishana, akaliandikisha bomba kama msafiri, kwa jina la Profesa Bomba. Babu hakushtuka. Akaligawia kitanda, jaketi okozi na milo mitatu kwa siku. Mpishi hakulalamika, sahani ya Profesa ilirudi jikoni tupu kila mara, na mpishi akazidi kunenepa.

Mwaka jana shule yetu ilipewa nafasi ya mwanafunzi mmoja melini, nami nikachaguliwa. Babu aligawa vitanda kwa kuangalia uzoefu. Profesa Bomba akapata kitanda cha chini, karibu na dirisha. Mimi nikaambiwa meli imejaa. Bandarini, asiyekuwa kwenye orodha ya Babu hapandi, na Mama hakuweza kumfuta Profesa, kwani matope ndiyo yaliyokuwa sababu ya safari. Akaenda kwa nahodha.

"Nahodha, mwanangu amenyang'anywa kitanda na kipande cha chuma."

"Dada yangu, hicho chuma kimesafiri mara arobaini. Mwanao mara ngapi?"

Walicheka wote wawili, kisha Mama akaacha kucheka. Meli iliondoka na kitanda cha Profesa kitupu, nami nikiitazama kutoka gatini.

Programu mpya inaanza kazi Jumatatu. Inajua kutenganisha mtu na mzigo, jambo lililomshinda Babu maisha yake yote. Profesa amehamishiwa stoo pamoja na vyuma wenzake. Vitanda vya safari ya Agosti bado havijagawiwa, ila juzi, kwenye majaribio, programu hiyo ilimwuliza Mama saizi ya viatu vya mwanafunzi. Akajibu thelathini na saba, saizi yangu.

Tunamshukuru Babu Subiri kwa yote aliyoyafanya, na zaidi kwa kuondoka. Babu, tunakutakia mapumziko mema na marefu ndani ya kompyuta iliyozimwa. Usiziwazie safari zetu, sasa tutafika.