Kadi za Matundu ya Mviringo

Mambo yalifuatana hivi. Mwaka 1971, ushirika wetu wa wakulima wa pareto ulileta Kisii mashine ya kutoboa kadi. Mwaka uliofuata, orodha nzima ya wanachama ilihamishiwa kwenye kadi hizo, zikapelekwa Nairobi kusomwa na kompyuta ya kukodi. Miezi mitatu baadaye, kamati iliamua kuwa madaftari ya zamani yanafuga panya tu, ikawapa wauza karanga wayafanye karatasi za kufungia. Machi 1974, wenye kompyuta walileta ya aina nyingine, na kadi zetu zikarudishwa kwa lori, magunia kumi na moja. Hayo ndiyo yaliyojadiliwa Alhamisi asubuhi kwenye benchi la muuza kahawa, mkabala na posta. Walikuwapo Onchiri, aitwaye Tundu, aliyezitoboa kadi hizo na sasa hana kazi. Ratemo, aitwaye Daftari, karani mstaafu aliyeyaandika madaftari hayo, na Msabato wa kanisa la Nyanchwa, ambaye kahawa haigusi, hunywa maji moto. Na Omwenga, fundi wa redio, aitwaye Mwezini tangu aliposikia hewani kuwa watu wametua huko.

RATEMO: Jana nimenunua karanga, bwana. Kufungua karatasi, naona mwandiko wangu! Kijiji kizima mkononi, kina chumvi.

ONCHIRI: Usiniangalie mimi, mzee. Niliambiwa toboa, nikatoboa.

RATEMO: Na hiyo kompyuta mpya inawakataa kwa nini?

ONCHIRI: Kadi yetu ni ndogo, tundu lake la mviringo. Yake ni kubwa, tundu lina pembe nne. Haiingii mdomoni.

OMWENGA: Si mbandike ndogo juu ya kubwa?

ONCHIRI: Hata ikiingia haitaelewa. Tulitoboa nambari tu. Nambari gani ni ya nani, hiyo ilikuwa ndani ya programu, na programu iliandikwa kwa lugha ya ile mashine iliyoondoka.

OMWENGA: Hapo ndipo mlipokosea. Programu iwe kama wimbo! Redio ya Mjerumani inauimba, ya Mjapani inauimba, ni ule ule. Itakuja. Mwaka wa themanini utaiweka programu moja hata ndani ya saa ya mkono.

RATEMO: Wewe rudi mwezini.

OMWENGA: Nakwambia, hawa ni Wazungu wawili waliogombana. Mmoja akaapa mviringo, mwenzake pembe nne. Wa pembe nne ameshinda, sisi tumezikwa na wa mviringo.

ONCHIRI: Na yule mhandisi aliyetuletea mashine alituambia kadi kubwa imekufa! Hii yetu, akasema, itakaa miaka hamsini.

RATEMO: Imekaa mitatu. Kuku wangu ana minne. Majina yachongwe kwenye mawe ya machimbo ya Tabaka, kila mwanachama na jiwe lake. Panya hali jiwe.

Walikuwa bado wanacheka mwanamke mmoja aliposimama mbele yao.

— Habari zenu, baba zangu. Mimi ni Bochaberi, wa Birongo. Ofisini wamesema mwenye kuzijua kadi yuko hapa.

— Ni mimi, mama. Keti, alisema Onchiri.

Hakuketi.

— Mume wangu alifariki mwaka wa sabini na moja. Shamba la pareto likaandikwa jina langu. Sasa shemeji anasema halikuandikwa, ni lake. Jumatatu tuko kwa chifu. Nataka karatasi moja tu yenye jina langu.

— Nambari yako unaikumbuka?

— Sikupewa nambari. Nilisema jina, karani akaandika.

Onchiri alimgeukia Ratemo. Mzee aliweka kikombe chini.

— Niliandika wajane wengi mwaka ule, mama. Sura yako sikumbuki. Mbele ya chifu siwezi kuapa.

— Basi Jumatatu nitabeba nini?

Onchiri alijipapasa mfuko wa shati, akatoa kadi moja aliyoiokota kwenye yale magunia, akampa. Bochaberi aliiinua juani, akaigeuza, akaigeuza tena.

— Hii ni yangu?

Omwenga alimtazama Onchiri. Onchiri alitazama barabara.