Verna Dietzler Aiaga Kaunta ya Ngozi za Soseji

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika bucha ya Oberle, hapa Wisconsin, Verna Dietzler anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Mei. Kila anayejitengenezea hotidogi nyumbani anamjua: ndiye aliyewachagulia watu ngozi za kujazia nyama, yaani utumbo wa mnyama uliosafishwa, na ndiye aliyewagombeza walipoziharibu.

Verna hakuwa mpole, wala hatukumtaka awe mpole. Ukiomba utumbo wa nguruwe kwa ajili ya hotidogi, alikukatalia waziwazi. "Huo ni mnene, hotidogi yako itagoma kuingia kwenye mkate. Chukua wa kondoo." Mchungaji Lindqvist, akiwa na haraka ya chakula cha kanisa, aliutia wake katika maji yanayochemka badala ya maji ya uvuguvugu, ukajikunja na kukakamaa.

"Mchungaji, hukuuroweka, umeupika," Verna alimwambia, akampa mwingine bure.

Miaka saba iliyopita mwenye bucha, Gordon Oberle, alitaka kuifunga kaunta hiyo. Angeuza ngozi za kiwandani tu, ambazo hazihitaji kuoshwa wala mtu wa kuzichagua. Verna angekosa kazi akiwa na miaka hamsini na minane. Sisi wateja tulinong'ona, yeye si wa kunong'ona. Jumamosi ya kabla ya sikukuu ya wafanyakazi, foleni ikiwa imefika mlangoni, alimwekea Gordon hotidogi mbili: nyama ileile, ngozi tofauti.

"Fumba macho, Gordon. Ule, halafu uniambie ipi ungempa mama yako."

Ya kwanza, ya ngozi ya kiwandani, Gordon aliitafuna akaimeza. Ya pili, ya utumbo wa kondoo, ililia kwach chini ya jino, hata wa mwisho kwenye foleni akasikia. Gordon aliimaliza, akanyoosha mkono apewe nyingine.

"Ni hii," alisema. "Na usinicheke."

"Sikucheki. Wanakucheka hao walio nyuma yako."

Kaunta haikufungwa, iliongezwa urefu. Kuanzia Jumatatu atasimama hapo Gordon mwenyewe, maana amekataa kumwachia mtu mwingine. Wiki nzima Verna amemfundisha kupitisha maji ndani ya utumbo ili kutafuta matundu, na wiki nzima amemgombeza kama sisi wengine.

Asante, Verna. Siku ile sisi tuliogopa na wewe ukasimama. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na siku za raha. Nenda ukijua kwamba ulishinda.