Jina la Andongwisye

Kwenye basi dogo la Mlowo kwenda Tunduma, mama wa kiti cha mbele yangu alikuwa amempakata mjukuu aliyevalishwa nguo nyeupe. Mzee aliyeketi naye akamuuliza mtoto anaitwa nani.

"Bado, baba. Anabatizwa leo Vwawa. Wazazi wake wanataka aitwe Andongwisye, jina la mwanangu askari aliyeuawa Darfur mwaka jana."

"Mpe, mama. Marehemu asisahaulike."

"Jeneza lililetwa limefungwa. Walitukataza kulifungua tumuage. Mimi uso wa mwanangu sikuuona."

"Jeshi haliwezi kukosea mtu," mzee alisema, kwa uhakika wa jenerali, ingawa kofia yake ilikuwa ya chama cha ushirika cha kahawa.

Mama alimvuta mtoto kifuani. "Na akirudi, baba, akakuta jina lake tumeshampa mwingine?"

Mzee alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Konda akagonga bati, tukasimama Vwawa. Mama alishuka, na tulipoondoka alikuwa bado kando ya barabara, kengele ya kanisa ikilia, akimbembeleza mtoto: "Nyamaza, mgeni wangu. Nyamaza, mgeni."