Mchungwa Wenye Kamba Nne

Zilibaki siku tatu kufika mwaka mpya wa Tet, na kivuko kilijaa pikipiki hadi Khiêm, mkata tiketi, akakosa pa kuweka mguu. Akabanwa kati ya wanawake wawili waliokuwa wakigombana bila hata kujuana.

"Mwanangu, mtoto wa miaka mitatu unampakia pikipiki kweli?" bibi mmoja alifoka, akimwonyesha msichana aliyekaa kwenye kiti cha henzirani mbele ya mama yake. "Si umpandishe basi!"

"Basi lipi, bibi? Kwetu hata baiskeli inapita kwa shida. Halafu nimemfunga, tazama."

"Kamba moja! Hiyo ni kufunga au kupamba?"

Mama akaitazama pikipiki ya bibi. Nyuma ulisimama mchungwa mdogo wa sikukuu, umejaa matunda, umekazwa kwa kamba nne na kufunikwa blanketi. "Na huyo wako, bibi, ana miaka mingapi?"

Khiêm akajifanya anahesabu tiketi, asije akacheka.

"Usinichokoze. Likidondoka tunda moja tu, bahati ya mwaka mzima imekwenda."

"Basi kumbe unajua kufunga."

"Najua. Wewe likidondoka lako, utaokota nini?"

Kivuko kikagonga gati, pikipiki zikanguruma zote kwa mpigo. Khiêm alipotazama tena, yule mtoto alikuwa na kamba tatu. Mbele yake mchungwa, sasa umebaki na kamba mbili, ulipanda mwinuko ukiyumba kama mlevi, ukidondosha tunda baada ya tunda, na bibi hakugeuka nyuma.