Meko Mawili ya Batula wa Garsen

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Wewe uliye jikoni, punguza moto kidogo. Nawe uliye dukani, ongeza sauti, wateja nao wasikie. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja wa Garsen, huko mtoni Tana. Jina lake Batula binti Mohamud. Narudia kwa waliochelewa kukaa: Batula binti Mohamud, mwenye hoteli ya chai karibu na feri ya Garsen. Ametutoka mwezi uliopita, mwaka huu wa hamsini na nane, kwa maradhi ya kifua. Amezikwa hapo hapo Garsen.

Wengi wenu mmekula kwake. Hata kama jina hamlijui, mmesikia watu wa lori wakisema, "Tutakula kwa yule Msomali mwenye meko mawili." Basi ndiye huyo.

Kwa nini meko mawili? Hapo pana habari ndefu. Mumewe, Bwana Roble, ameturuhusu tuisimulie. Na mengine tumeyapata kwa Bi Mishi wa Kipini, aliyekuwa akipika naye.

Batula alizaliwa upande wa Nanighi, kwa wafugaji. Baba yake, Mzee Mohamud, ni mtu wa ng'ombe tangu utoto. Kwao ni maziwa, nyama, samli na chai. Samaki hawamli. Dini haikukataza, ni mila tu. Mfugaji wa huko akimwona mtu anakula samaki, anamhurumia, anadhani ng'ombe zake zimekufa zote. Na watoto wakigombana, tusi kubwa ni kuambiwa babako mla samaki. Batula alikua hivyo. Ameteka maji ya mto Tana maisha yake yote, na mdomoni hajatia hata kambare mmoja.

Akaolewa na Roble, mwenye duka Garsen. Mwaka wa hamsini na mbili Roble akaenda Mombasa kununua bidhaa, akafuatana na mkewe. Walifikia Mji wa Kale, kwa rafiki yake Roble, mtu wa Kipini. Dada yake huyo rafiki, mjane, ndiye Bi Mishi. Roble akawa anashinda kwa wauzaji wa jumla, akipatana bei ya sukari na majani ya chai. Batula na Mishi wakavaa buibui zao, wakashika njia ya madukani.

Jamani, yule mama hakuwa amejua kwamba dunia ina ladha nyingi hivyo.

Walianzia kwa Mwarabu wa halwa, Mshihiri. Wakamkuta anakoroga sufuria la shaba kwa mti mrefu kama kasia, jasho linamtiririka. Batula akamwuliza kama anapika au anavuka mto. Mshihiri akacheka, akamkatia kipande kingali moto, na kikombe kidogo cha kahawa chungu. Kwa Mgoa muoka mikate, Batula aliuminya mkate, ukabonyea, ukarudi. Akauliza mbona wanauza na upepo ndani. Kwa Mhindi wa viungo, Mbohora, ndiyo ilikuwa kazi. Iliki aliijua. Mdalasini, bizari, karafuu, kila gunia akatia pua, mpaka akapiga chafya. Mwenye duka akamwambia, "Mama, chafya ya kwanza bure. Ya pili ununue."

Halafu wakaingia kwa Banyani anayeuza vitamu. Batula alikula jalebi mpaka kiu ikamshika. Akaomba maji. Yule Banyani hakumpa kikombe. Alimwambia akinge viganja, akammiminia kutoka juu, chombo kisimguse. Nje Batula akauliza, huyu ananiona mimi najisi? Mishi akamweleza kwamba Banyani hali nyama, basi vyombo vyake haviweki pamoja na vya walao nyama.

"Nyama yoyote?" Batula akasimama katikati ya njia. "Hata ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe ndiyo kabisa."

Batula akamwonea huruma kweli kweli. Akauliza kama ni ugonjwa. Lakini walipofika mbele kidogo Batula akasema jambo ambalo Mishi amelikumbuka miaka yote. Alisema, yule mtu ana lake asiloligusa, lakini hakututukana, na kiu yangu ameikata.

Sasa sikilizeni vizuri, maana jambo lenyewe linaanzia hapa. Walipochoka, walikaa barazani kwa mama mmoja anayeuza chakula, mitaa ya Kuze. Mishi akaagiza sahani mbili za wali na kitoweo cha nazi. Alidhani mwenzake ameona ni nini. Batula hakuona. Alichokijua yeye ni kwamba samaki ana miiba na macho. Hiki kilikuwa minofu mitupu, laini, haina mwiba hata mmoja. Akala. Na kwa kuwa ni binti wa mfugaji, akaanza kumpima mnyama. Akasema huyu alikuwa mchanga, hana mafuta mengi, bila shaka alikuwa na maji ya kutosha. Akamwuliza yule mama mpishi alichungwa malisho ya wapi.

Mpishi akamtazama Mishi. Mishi akaweka tonge chini.

"Mwenzangu, huyu hakuchungwa na mtu. Huyu ni papa."

"Papa ndiye nani?"

"Ni samaki, Batula."

Mishi anasema alishatafuta kitambaa, akijua mgeni atatapika. Batula aliitazama ile sahani. Ilikuwa imefika nusu. Akasema polepole, "Tonge la kwanza nimelila kwa kutojua. Na ni tamu." Akaendelea. Akaimaliza. Akaramba na vidole.

Jioni akamwambia mumewe. Roble alicheka mpaka akashika mbavu, na hapo ndipo kosa lilipoingia, anakiri mwenyewe. Kichekesho kile akakisimulia garini, mbele ya wafanyabiashara wa ng'ombe. Kabla mvua hazijanyesha, habari zimefika Nanighi: binti Mohamud amekula samaki Mombasa, na amemsifia malisho yake.

Mzee Mohamud alishuka Garsen na ng'ombe wa kuuza. Akasimama nje ya duka, hakuingia. Roble akamnong'oneza mkewe, sema ulidanganywa, yaishe. Mzee akauliza ni kweli? Batula akajibu, "Aabo, baba yangu, tonge la kwanza sikujua. La mwisho nilijua."

Mzee akasema, "Wallahi, mkono ule hautanilisha mimi tena." Akapiga ng'ombe zake, akaenda zake kwenye feri.

Hicho ndicho kiapo, wasikilizaji. Mkono wa Batula hautamlisha baba yake tena. Na Batula alikuwa ndiye kipenzi chake, ndiye aliyekuwa akimtilia chai tangu ana urefu wa birika.

Alilia, ndiyo. Kisha akafungua hoteli. Alimwita Bi Mishi kutoka Mombasa, wakajenga banda la makuti ubavuni mwa duka, na ndani yake meko mawili. Jiko la kulia lake Batula: chai ya iliki, chapati, nyama, maharagwe. Samaki hakaribii. Jiko la kushoto la Bi Mishi: papa wa nazi kutoka Kipini, na kambare aliyeletwa na Gunga, mvuvi Mpokomo wa Kilelengwani. Sufuria mbali, vijiko mbali, hata kitambaa cha kufutia mbali. Lori likitoka Mombasa lilimletea halwa, achari ya ndimu na mkate wa Mgoa, ambao Garsen waliuita mkate wa upepo.

Wafugaji mwanzo walikaa mbali. Kulikuwa na Bonaya, Muorma, mdomo wake haukosi neno. Kila akipita alisema, "Batula, leo kuna maziwa ya papa?"

Batula akamjibu, "Yapo. Ila wewe hujui kumkama."

Bonaya alicheka, akaingia, akaomba chai ya jiko la kulia. Tangu siku hiyo akawa na mahali pake. Na wengine wakamfuata. Watu waliokuwa wakigombania malisho na mashamba asubuhi, mchana ungewakuta wamekaa mkeka mmoja, huyu na chapati yake, yule na kambare wake, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba hajui kula.

Lakini si Mzee Mohamud. Kila msimu alipita na ng'ombe zake. Alisimama nje kwenye jua, akambeba mjukuu wake Kinsi, akauliza habari za nyumbani. Batula alimtuma mtu na kikombe cha chai, kutoka jiko la kulia. Mzee alikitazama. Midomo imemkauka kwa vumbi. Akasema, "Nimeshiba." Chai ikarudi. Kila msimu hivyo. Mishi akachoka, akamwuliza mwenzake kwa nini anajitia aibu. Batula akasema, "Siku atakayoitaka, isije ikakosekana."

Mwaka huu kifua kikamkamata. Dawa alipewa, sindano alidungwa, mwili ukazidi kupungua. Mwisho akawa hamezi kitu. Roble akapeleka habari Nanighi, na Mzee Mohamud akaja, akakaa kando ya kitanda. Alimletea maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Batula alijaribu, akashindwa. Akamwita Mishi, akamwomba kwa sauti ndogo mchuzi wa papa.

Mishi alipika. Alipofika mlangoni na bakuli akakumbuka mzee yumo, akalificha chini ya leso. Lakini harufu haifichiki.

"Lete," mzee akasema. "Ndicho anachokula?"

"Ndicho tu, baba."

Akalichukua lile bakuli. Mishi anasema mzee alikaa nalo mapajani kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Kisha akapandisha mkono wa kanzu, akatia vidole, akammegamega yule papa vipande vidogo vidogo, akamtia bintiye mdomoni. Batula akameza. Akatiwa tena, akameza. Nusu bakuli.

Halafu Batula akanyoosha mkono. Mkono mwembamba. Akachukua kipande kimoja, akamwelekezea baba yake.

Bi Mishi alitaka kumwambia, mwenzangu, usimtie mzee majaribuni, ana kiapo. Ule mkono ukakaa pale hewani. Mzee akautazama. Kisha akainama, akaushusha uso wake mpaka kwenye vidole vya bintiye, akala. Akatafuna muda mrefu. Akameza.

"Chumvi imepungua," akasema.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyelia. Bi Mishi alikwenda kuleta chumvi.

Asubuhi yake Mzee Mohamud alimfuata mwalimu wa msikitini, akamwambia amevunja kiapo. Mwalimu akamweleza anayoyajua kila Mwislamu: kafara ni kulisha maskini kumi. Roble akajitolea kuchinja mbuzi nyumbani. Mzee akakataa. Akasema watakula hotelini kwa Batula.

Wakaja maskini kumi, wa Garsen na wa vijiji vya jirani. Kitanda cha Batula kilisogezwa mpaka kwenye ukuta wa makuti, awasikie. Na mzee hakumwachia mtu kazi. Alipita mkekani, mmoja mmoja, akiuliza, "Wewe wa kulia au wa kushoto?" Mzee mwenziwe kutoka Chara akasema kwa haya, mimi wa kushoto, unisamehe. Mohamud akamjibu hakuna cha kusamehe, akaenda mwenyewe kwenye jiko la Bi Mishi, akapakua papa kwa mkono wake. Akarudi akamwambia, "Kula. Leo nimesimamia chumvi mwenyewe."

Nyuma ya makuti Batula akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akatulia, akacheka tena. Roble anasema hakuwahi kukisikia tena kicheko kile. Wiki haikuisha, Batula binti Mohamud akafariki, baba yake amemshika mkono.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole zetu kwa Bwana Roble, kwa mtoto Kinsi, kwa Bi Mishi aliyebaki na meko yote mawili, na kwa watu wa Garsen, Nanighi na Kipini. Kwa Mzee Mohamud tunasema, Mwenyezi Mungu akupe subira. Tumeambiwa bado hujarudi kwa ng'ombe zako. Basi kaa, mzee. Hapo ni kwako.

Nasi tuliobaki tujitazame. Kila mtu ana lake asiloligusa, na si vibaya. Lakini huenda kuna mtu wa damu yako ambaye huingii nyumbani kwake kwa ajili ya neno ulilolisema ukiwa na hasira, na miaka inakwenda, na yeye hasemi. Usingoje awe kitandani. Kesho mwendee. Kama maneno yatakukwama, usitafute mengi. Kaa, halafu umwambie nina njaa.